TUMEPEWA MAJI NA UDONGO, HATUKUPEWA MAWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi baada ya swala ya Isha nilifungua simu nikakuta ujumbe mrefu wa binti mmoja. Sitamtaja jina wala mtaa wake. Ni mwanafunzi wa chuo, anajistiri, anaswali, na kila Jumamosi anatoka na wenzake wachache kukamata mbwa wa mitaani ili wachanjwe kichaa na wafungwe kizazi. Daktari wa mifugo anawasaidia bila malipo, dawa wananunua wenyewe kwa kuchangishana. Hawana gari wala ofisi. Wana wavu, kamba, sufuria la wali na dagaa, na moyo.

Sasa sikilizeni anayoyapata. Mtaani wameshampa jina: "Mama Mbwa". Ami yake amemkataza kumbeba mtoto mchanga wa nyumbani, eti ana najisi isiyotoka. Na mwalimu mmoja wa madrasa amemwambia mbele ya watoto kwamba mwenye kushika mbwa swala zake hazikubaliwi siku arubaini. Binti akaniuliza maswali matatu: "Shekhe, swala zangu zina hitilafu? Kumfunga mbwa kizazi ni kubadilisha maumbile ya Allah? Na je, niache?"

Nikamjibu kwa ufupi usiku ule ule ili apate kulala. Lakini niliona jibu lake si lake peke yake. Ni letu sote, na langu mimi kwanza. Kwa hiyo someni mpaka mwisho, tafadhali, kabla ya kuanza kuandika maoni.

NAANZA NA KOSA LANGU

Mwaka jana vijana kama hao walikuja kwenye kamati ya msikiti wetu. Waliomba jambo dogo: asubuhi moja tu, watumie kiwanja kilicho wazi upande wa nyuma, mbali na ukuta wa msikiti, watu walete mbwa wao wa kulinda wapigwe sindano ya kichaa. Mzee mmoja akasema, "Mbwa na msikiti wapi na wapi?" Wengine wakacheka. Vijana wakaondoka na adabu zao. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na hukumu ya jambo lile naijua. Nikanyamaza. Sikutaka kuonekana shekhe wa mbwa.

Haikupita miezi mingi, mtoto wa jirani, wa darasa la pili, akang'atwa mguuni akitoka kuchota maji. Mama yake, masikini, akafanya aliyoyaona kwa bibi yake: akapaka pilipili na mafuta ya taa, akafunga kitambaa. Siku ya pili ndipo muuguzi mmoja anayeswali nasi akamwambia, "Mama, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi." Mtoto akapata sindano zake, alhamdulillah, na leo anacheza mpira. Lakini mama yule alikopa fedha, na kwa wiki nyingi alikuwa akiamka usiku kumtazama mwanawe kama anakunywa maji. Mbwa mwenyewe hakuonekana tena, haikujulikana alikuwa mzima au mgonjwa.

Nilipokwenda kumjulia hali yule mtoto, niliona haya. Asubuhi moja ya kiwanja tuliinyima, na mimi nilikuwa miongoni mwa walionyima, kwa kimya changu. Ninayoandika hapa chini nayaandika nikiwa na deni.

SWALI LA KWANZA: SWALA ZAKE ZINA HITILAFU?

La. Hazina hitilafu yoyote kwa sababu hiyo.

Hilo la siku arubaini ni hadithi iliyochanganywa. Siku arubaini zimetajwa kwa mnywaji wa pombe, na usiku arubaini kwa mwenye kumwendea mpiga ramli kumuuliza. Hazikutajwa kwa mwenye kumgusa mbwa. Mwalimu mwenzangu, kama unasoma hapa, usiwafundishe watoto jambo ambalo Mtume (s.a.w.) hakulisema. Kumzulia yeye ni kukubwa kuliko najisi ya mbwa mia.

Hukumu ya mbwa ndiyo hii. Sisi watu wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, na kwetu mbwa ni najisi, mate yake na mwili wake. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Hadithi yake ni sahihi, imo kwa Muslim. Maulamaa wa Hanafi wanasema mate yake ni najisi lakini manyoya yake si najisi. Imam Malik anasema mbwa aliye hai ni tohara, na kule kuosha mara saba ni ibada tuliyoamrishwa. Hao wote ni maimamu wetu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema aliyeguswa na mbwa amekuwa mbaya, au atengwe, au asibebe mtoto.

Na hata kwa Imam Shafi'i aliye mkali zaidi katika mlango huu, mbwa mkavu akigusa nguo kavu au mkono mkavu, najisi haihami. Inahama pakiwa na unyevu. Kwa hiyo binti yangu, vaa glavu, vaa nguo maalumu ya kazi. Palipoloa mate au jasho la mbwa, osha mara saba na moja ya udongo. Baadhi ya maulamaa, hasa wa Hanbali, wameruhusu sabuni mahali pa udongo, lakini sisi tuchukue udongo, haugharimu kitu na umejaa uani. Ukimaliza, tia udhu, swali, na mbebe mtoto wa ami yako.

Ndugu zangu, hapa ndipo tulipoteleza. Najisi katika dini yetu ni hali yenye dawa yake. Damu ni najisi, na kila siku madaktari na wauguzi wetu wanashika damu. Mkojo wa mtoto ni najisi, na mama anaushika tangu alfajiri hadi usiku, kisha anaosha na kuswali. Hatumwambii muuguzi aache wagonjwa wala mama aache mwana. Kwa mbwa sheria imetupatia maji na udongo. Mawe tumejiongezea wenyewe.

SWALI LA PILI: KUMFUNGA MBWA KIZAZI

Hili lina mjadala wa kweli, na sitalipaka sukari.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Allah ametaja kwamba shetani ataamrisha watu wabadilishe umbile la Allah, na baadhi ya waliotangulia wamefasiri kuwa kuhasi wanyama ni katika hayo. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, ameandika kwamba mnyama asiyeliwa hahasiwi, na anayeliwa ahasiwe akiwa mdogo. Kwa hiyo anayeuliza swali hili hana ujinga. Ana msingi.

Lakini imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo wawili waliohasiwa. Maulamaa wa Hanafi wamesema hakuna ubaya kuhasi wanyama pakiwa na manufaa. Na katika zama zetu Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia aliulizwa kuhusu paka waliozidi, akajibu kwa maana kwamba ikiwa wamekuwa wengi na wanaudhi, na operesheni haiwadhuru, hapana ubaya, kwa kuwa hilo ni bora kuliko kuwaua baada ya kuwa wameshaumbwa.

Sasa tazama tofauti ya zama. Wakati wa maimamu wale kuhasi kulikuwa ni kuponda au kukata, mnyama akiwa macho, analia. Hapakuwa na dawa ya usingizi. Mateso yale yalikuwa sababu kubwa ya makatazo. Leo daktari anamchoma sindano, mnyama analala, anafanyiwa kazi kwa dakika chache, anashonwa, anapewa dawa ya maumivu, anaamka. Mahali pengi humkata ncha ndogo ya sikio akiwa bado usingizini, ili wiki ijayo mtu asimkamate tena bure. Na kuweka alama kwenye sikio la mnyama si jambo geni. Anas (r.a.) alimwona Mtume (s.a.w.) akiweka alama kondoo masikioni.

Kisha pima madhara mawili. Mbwa jike hubeba mimba miezi miwili tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Akizaa sita kila mara, hao ni kumi na wawili, kutoka kwa mama mmoja, mwaka mmoja. Na majike kati yao hawamalizi mwaka mzima nao wameshaanza kushika mimba. Wanakwenda wapi? Mnakujua, msijifanye hamjui. Wanafungwa kwenye kiroba wakiwa hawajafumbua macho, wanatupwa jalalani, mtaroni, ufukweni maji yakijaa. Wanaobaki hufa kwa njaa, kwa upele, kwa magurudumu ya bodaboda. Watakaosalimika ndio wanaozunguka usiku kwa makundi, wanaokufukuza ukienda swala ya alfajiri.

Kanuni ya fiqhi inasema, madhara mawili yakikutana, hubebwa lililo jepesi. Sindano ya usingizi na nyuzi chache kwa mama mmoja, au viroba kumi na viwili vya roho mtaroni? Mimi nachukua kauli ya walioruhusu, kwa masharti matatu: awepo daktari mwenye ujuzi, pawe na dawa ya usingizi, na manufaa yawe ya kweli. Asiyeridhika ashike kauli ya Imam Nawawi, ni haki yake. Lakini huyo pia atuambie, wale watoto wa mbwa anawapeleka wapi?

"SHEKHE, SI MTUME ALIAMRISHA MBWA WAUAWE?"

Najua swali hili linakuja, kwa hiyo nalijibu kabla.

Ndiyo, iliwahi kutolewa amri hiyo Madina. Kisha Mtume mwenyewe (s.a.w.) akakataza. Hadithi ya Jabir (r.a.) iko kwa Muslim, someni yote, msikate katikati. Na imepokewa kwamba alieleza kuwa mbwa ni umma kama umma nyingine, na kwamba lau si hivyo angeamrisha wauawe. Suratul An'aam, aya ya 38, nayo inatuambia wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Kuufuta umma mzima hatukupewa.

Kilichobaki ni mbwa mkali anayeshambulia na mbwa mwenye kichaa. Huyo anaruhusiwa kuuawa, tena hata na aliyehirimia Hija, kwa kuzuia madhara. Lakini hata hapo tumeamrishwa ihsani katika kuua, tusimtese. Sumu inayomfanya kiumbe atapetape tangu magharibi hadi alfajiri mbele ya watoto haina ihsani ndani yake.

Na kufuga? Hadithi ziko wazi: anayefuga mbwa pasipo haja ya kuwinda, kulinda mifugo au kulinda shamba, ujira wake hupungua kila siku. Na malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Sikuja kubadilisha hayo. Sisemi mlete mbwa sebuleni wala mlale naye kitandani. Nasema aliyeko barabarani, ambaye hukumfuga wala hukumwalika, ana haki juu yako ya kutomdhulumu, na ana mlango wa thawabu ukimsaidia.

Wote tunaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake, akaishika kwa meno akapanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo wenye maji kwa kiu. Allah akamsamehe. Na katika riwaya nyingine aliyesamehewa ni mwanamke mzinifu. Maswahaba wakauliza kama kuna malipo kwa wanyama, wakajibiwa kwamba kila kiumbe hai ukimtendea wema una malipo. Tunaisimulia minbarini, tunalia, kisha tunatoka nje tunaokota jiwe.

Na yuko mwanamke mwingine, wa paka. Alimfunga hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie, akaingia motoni. Mmoja kwa mbwa kapata msamaha, mwingine kwa paka kapata adhabu. Na kuna mbwa aliyetajwa ndani ya Qur'ani, Suratul Kahf aya ya 18, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, analinda vijana wema. Allah hakuona haya kumtaja.

NJIA IPI INAMALIZA TATIZO?

Sasa tuache kidogo vitabu vya fiqhi, tuangalie dunia, kwa sababu wako watakaosema, "Shekhe, huruma ni nzuri, lakini wauawe tu tupumzike."

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hivi wanakufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote Afrika na Asia. Takriban asilimia 40 ya hao ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hapana anayepona. Na katika kila vifo mia, tisini na tisa chanzo ni mbwa. Nawaelewa kabisa wazazi wanaoogopa.

Lakini kuua mbwa ovyo hakujazima ugonjwa huu. Kisiwa cha Flores kule Indonesia uliingia mwaka 1997, wakaua mbwa kwa wingi mno, na ugonjwa ukabaki. Sababu inaeleweka. Wanaouawa kwanza ni wale wapole wanaosogea watu, pamoja na waliokwisha chanjwa. Wenye mbwa wao huwaficha au huwahamisha kijiji kingine, na ugonjwa unasafiri nao. Jalala na mabaki ya machinjio yako pale pale, kwa hiyo mbwa wageni wanahamia kula. Baada ya muda mfupi idadi ni ile ile, ila sasa hakuna hata mmoja mwenye chanjo.

Kinachozima ni chanjo. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, na ukarudia kila mwaka, mnyororo unakatika. Mfano hauko Ulaya. Uko Pemba, kwa ndugu zetu, kisiwa cha misikiti na vyuo. Watafiti wa Kitanzania na wenzao walifuatilia ugonjwa huu Pemba tangu mwaka 2010, mbwa kwa mbwa, jeraha kwa jeraha. Chanjo ya kisiwa kizima ilipofanywa kila mwaka na kuboreshwa, maambukizi yote yalikatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili. Wakarudisha chanjo kisiwa kizima, na kufikia Oktoba 2018 ukazimwa tena.

Wapemba wanaomjali mbwa kwa najisi yake hawana wa kuwafundisha. Lakini mbwa walichanjwa, na watoto wa Pemba wakasalimika. Tohara ya watu haikupungua kwa hilo.

Na tuna somo la upande wa pili, nalo pia ni la Waislamu. Istanbul mbwa wa mitaani waliishi na watu kwa karne nyingi, wakilishwa milangoni. Mwaka 1910 wakubwa wa mji waliona haya mbele ya wageni wa Ulaya, wakataka mji wa kisasa. Wakakusanya mbwa makumi ya maelfu wakawatupa kwenye kisiwa cha mawe katika bahari ya Marmara, hakina maji wala chakula. Wakafa kwa kiu na njaa, wakilana. Kelele zao zilisikika na watu waliopita na vyombo baharini. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Waturuki bado wanalisimulia jambo lile kwa aibu. Na mbwa Istanbul hawakuisha. Wapo hadi leo, na mjadala wao haujaisha.

SWALI LA TATU: NIACHE?

Usiache, binti yangu. Usiache, na wenzako wasiache.

Wanaokwambia "kuna watoto wa binadamu wenye njaa, wewe unahangaika na mbwa" waulize kwa adabu wangapi wamewalisha jana. Na mtoto anayekingwa na kichaa cha mbwa ni mtoto wa binadamu. Unapomchoma sindano mbwa mmoja wa mtaani kwako, umesimama mbele ya watoto wote wanaopita njia ile kwenda madrasa.

Wanaosema "hayo ni mambo ya Wazungu" waambie kisima kile cha hadithi hakikuwa Ulaya. Kama leo tunaona mgeni ndiye anayemwokota mbwa aliyevunjika mguu na Mwislamu ndiye aliyemvunja, basi tumebadilishana nafasi, na hilo ndilo la kulilia.

Ila nawapa na nyinyi vijana nasaha. Msilaumu wazee kwa maneno makali mitandaoni. Msiweke chakula cha mbwa mlangoni pa watu wala njia ya msikiti, mkawaletea makundi na uchafu. Kulisha peke yake bila kufunga kizazi ni kuongeza tatizo. Na zaka msiichukue, ina watu wake wanane waliotajwa. Ombeni sadaka, mlango wake ni mpana.

LA KUFANYA KUANZIA LEO

Mwenye mbwa wa kulinda nyumba au shamba: mchanje kila mwaka, mpe maji na chakula, usimfunge mnyororo juani kutwa, na mfunge kizazi. Akizaa, wale watoto ni dhima yako. Kiroba unachokitupa usiku Allah anakiona. Na Tanzania Bara ina sheria ya ustawi wa wanyama tangu mwaka 2008, kwa hiyo utaulizwa huku pia, si huko tu.

Aliyeng'atwa au kukwaruzwa: osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo, na umalize sindano zote. Usingoje kumtazama mbwa atafanya nini. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya mwilini wiki au miezi, na ukisema umechelewa. Kombe na dua ni kheri, tutakusomea, lakini ukiwa umeshashuka hospitali.

Wazazi: mtoto akirudi na hadithi ya kumpiga mbwa mawe, msicheke. Mbwa anayepigwa kila siku ndiye anayeng'ata kesho, na anayemng'ata si lazima awe yule aliyempiga. Mwambieni mtoto asimkimbie mbwa, asimsogelee anayekula wala mwenye watoto, na akikwaruzwa aseme bila kuogopa kuchapwa.

Wauza nyama, wenye mikahawa na sote wa majumbani: funikeni taka. Mbwa hawakufuata swala wala bangi mtaani, wamefuata mifupa yetu.

Kamati za misikiti: vipaza sauti vyetu vinatangaza vikao, vifo na harusi. Vitangaze na siku ya chanjo. Tuwape vijana kiwanja nje ya eneo la kuswalia, ndoo za maji, na fungu la udongo pembeni. Najisi ikidondoka itaoshwa, ndiyo maana tuna maji.

Na mimi, ili nisiwe mwenye kusema nisilolitenda: Ijumaa hii baada ya swala ninapeleka ombi la kiwanja kwenye kamati, kwa jina langu, na nitasema nilichokinyamazia mwaka jana. Wakicheka, wacheke. Siku ya chanjo nitakuwepo tangu asubuhi. Yule mzee wetu nimeshamwendea nyumbani kwake. Hakukubali bado, ila ameniuliza, "Na huo udongo mtautoa wapi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, nitauleta kwa toroli." Akanyamaza. Nimelipokea kimya hicho kwa matumaini.

Yaa Allah, tusamehe kwa roho tulizozidhulumu kwa mikono yetu na kwa vimya vyetu. Wakinge watoto wetu na maradhi. Watie nguvu vijana wanaofanya wema ambao watu hawauoni. Tujaalie huruma isiyochagua, na twahara isiyo na kiburi. Aamin.

Wallahu a'lam. Nilipopatia ni kwa tawfiki ya Allah, nilipokosea ni mimi na shetani. Mwenye elimu zaidi anisahihishe kwa dalili, nitamshukuru. Wengine, sambazeni, hasa ile sehemu ya sabuni na dakika 15. Huenda ujumbe ukamfikia mama ambaye sasa hivi ameshika kopo la mafuta ya taa.